Ng'ambo ya Kijito

Siku Geum-rye alipoanza kuvaa fulana ya bluu yenye neno MWALIMU mgongoni, mumewe ndiye aliyeipiga pasi. Aliipiga kwa mkono mmoja, wa kushoto, huku ule wa kulia umelala mezani kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Mkewe alipoamka alimkuta ameinama, ncha ya ulimi nje, anapambana na kola.

"Utaiunguza," Geum-rye alisema.

"Nimeendesha basi miaka ishirini na sita, sikumkwaruza hata paka. Leo niunguze fulana?"

"Kola ya fulana haipigwi pasi, Baba Sora."

"Ya watu wengine haipigwi. Ya mwalimu inapigwa."

Geum-rye akacheka, akaenda kupasha supu moto. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na kwa miaka sita alikuwa ameongoza mazoezi ya asubuhi bure katika bustani iliyo kando ya kijito cha Beodeul, kwa spika yake mwenyewe iliyofungwafungwa kwa utepe wa gundi. Mchana aliosha vyombo katika mgahawa wa supu ya mifupa, mpaka viwiko na vifundo vya mikono vikaanza kuvimba. Kisha ofisi ya wilaya ikatangaza kwamba madarasa ya bustanini sasa yatakuwa na walimu wa kulipwa, won elfu arobaini kwa kipindi, siku tano kwa wiki, kwa yeyote mwenye cheti.

Neno cheti lilimtia baridi. Mara ya mwisho kushika kalamu ya mtihani alikuwa na miaka kumi na mitano. Ni Jong-tae, mumewe, aliyemlazimisha. Kila jioni alishika kitabu kwa mkono wake mzima akamhoji kama polisi wa barabarani. Msuli wa mbele wa paja una sehemu ngapi? Nne. Zitaje. Mzee akianguka katikati ya mazoezi utafanya nini? Nasimamisha muziki, napiga simu 119 ya dharura, natazama saa. Kwa nini saa? Kwa sababu daktari atataka kujua. Mara ya kwanza alifeli. Jong-tae akamwambia kwamba hata yeye leseni ya basi aliipata mara ya tatu. Mara ya pili akafaulu, wakala nyama ya kuchoma, wao wawili, siku ya kazi.

Asubuhi ile ya fulana waliteremka pamoja kwenda bustanini kama kawaida yao. Tangu kiharusi kilipompiga miaka mitatu nyuma, na baada ya miezi minane ya kujifungia ndani, Jong-tae alikuwa na mahali pake: mstari wa mwisho, karibu na benchi. Pale aliinua mkono wa kushoto pamoja na wenzake, na wa kulia ukafuata kadiri ulivyojaaliwa. Huko ndiko alikojifunza upya kutembea bila fimbo. Watu walimzoea. Asipoonekana siku moja waliuliza.

Siku hiyo kulikuwa na mgeni. Kijana mwembamba wa ofisi ya wilaya, Afisa Ki, alisimama mbele na kishikwambi mkononi, akaita majina arobaini, moja moja, na kila mtu akaitika "Nipo" kama mtoto wa shule. Alipomaliza akatazama nyuma.

"Na yule mzee?"

"Ni mume wangu," Geum-rye alisema.

"Amejiandikisha?"

"Nilimwandikisha mwenyewe. Siku ya kwanza kabisa."

"Ndiyo, nimeona fomu." Kijana alishusha sauti, lakini bustani ilikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Mfumo umemkataa, Mwalimu. Jamaa wa mwalimu hawahesabiwi, ili watu wasijaze orodha kwa ndugu zao. Na hapa umeandika aliwahi kupata kiharusi. Bima haimgusi bila barua ya daktari."

"Basi asihesabiwe. Asimame tu pale nyuma. Amesimama pale miaka."

"Akianguka je, Mwalimu? Nani atajibu?"

Geum-rye aligeuka kuwatazama wenzake. Mpaka wiki iliyopita walimwita dada. Sasa wengi walikuwa wakitazama viatu vyao. Aliyezungumza alikuwa Mama Taeho, mwanamke wa maghorofa mapya, mwenye kofia pana na glavu nyeupe, ambaye alijiunga mwezi huohuo.

"Mimi sina neno na mzee wa watu," alisema. "Lakini kanuni ni kanuni. Na tuseme ukweli jamani, mwalimu akiwa anamwangalia mumewe, sisi anatuangalia nani?"

Kabla Geum-rye hajafungua kinywa, Jong-tae alicheka kutoka kule nyuma.

"Kijana, usijisumbue. Mimi nilikuwa napita tu. Nilimletea mwalimu maji."

Hakuwa na maji. Alimwinamia Afisa Ki kidogo, jinsi dereva anavyomwinamia mkaguzi, akaanza kuondoka. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukiburuta. Kutoka kwenye benchi hadi ngazi za barabarani ni hatua sitini, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewasha muziki, wote arobaini waliusikia ule mguu mpaka mwisho.

"Tuanze, Mwalimu," Afisa Ki alisema kwa upole.

Geum-rye akabonyeza kitufe.

*

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alimtazama Jong-tae akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaweka kalamu chini.

"Mazoezi anayahitaji, tena sana. Asiache. Lakini niandike kwenye karatasi kwamba yuko salama kusimama katika darasa? Hapana, mama. Akianguka, karatasi hiyo itakuja kunitafuta mimi."

"Kwa hiyo afanye mazoezi, ila yasiandikwe."

"Ndiyo hivyo," daktari alisema, akaona haya kidogo, akaita mgonjwa mwingine.

Walikaa kwenye kituo cha basi. Mabasi mawili ya mtaa wao yakapita, hakuna aliyenyanyuka.

"Narudisha ile fulana," Geum-rye alisema.

"Rudisha. Halafu?"

"Narudi kwenye vyombo."

"Kwa mikono gani? Hiyo inayoshindwa kufungua chupa ya achari ya kimchi?" Jong-tae alikuwa akitazama mbele, barabarani, kama bado yuko kwenye usukani. "Mama Sora, nisikilize. Miaka mitatu nimekuwa mzigo, sawa, nimezoea, na wewe umezoea. Ukiacha kazi ile kwa ajili yangu nitakuwa mzigo na mkosi juu yake. Nichagulie kimoja."

"Nani kakuita mzigo?"

"Mimi. Kwani nani anajua uzito wangu kuliko mimi?"

"Wakikuona wewe hufai, na mimi sifai."

"Unafaa. Una cheti. Mimi ndiye niliyeshika kitabu, au umesahau? Cheti kile nusu yangu. Ukikirudisha, urudishe nusu yako tu." Basi la tatu likaja. Aliinuka kwa kushika bega la mkewe. "Twende. Kesho una kazi."

*

Akaenda kazini kesho yake, na kesho kutwa. Mwisho wa mwezi mshahara uliingia, akalipia umeme bila kuomba wasubiri, akamnunulia mumewe viatu vyepesi vya kutembelea. Jong-tae alivipokea kwa mkono mmoja, akasema ni vizuri sana, akaviweka juu ya kabati vikiwa ndani ya boksi.

Aliacha kunyoa ndevu. Televisheni ilikuwa ikiwaka bila sauti tangu asubuhi mpaka jioni. Geum-rye aliporudi kutoka bustanini alimkuta vilevile alivyomwacha, na bakuli la wali limefunikwa vilevile alivyolifunika. Sora, binti yao, muuzaji wa simu huko Busan, alipiga kila Jumapili.

"Baba anaendeleaje?"

"Yupo."

"Yupo tu?"

"Yupo, mwanangu. Njoo siku moja umwone."

"Nitakuja, Mama. Mwezi huu tuna wateja wengi." Kila mwezi walikuwa na wateja wengi.

Mwisho wa Mei, asubuhi moja ya umande, Geum-rye alikuwa akiongoza wimbo wa pili. Yeye huwaelekea wanafunzi wake, na nyuma yao kuna kijito, na ng'ambo ya kijito kuna majani na miti yenye matawi yanayoning'inia mpaka majini. Akaona mtu kule chini ya miti. Mkono mmoja ulikuwa juu, umenyooka sawasawa na wake. Mwingine ulikuwa umefika kifuani, umekwama.

Aliujua ule mkono kabla hajaijua sura.

"Tano, sita," alihesabu, "sita, saba..."

"Mwalimu amelewa leo," mtu akasema, watu wakacheka. Geum-rye naye akacheka, akafuta macho kwa mkono wa fulana.

Aliporudi nyumbani, Jong-tae alikuwa kitandani, blanketi mpaka kidevuni, akihema kama mtu aliyetoka kupanda ngazi. Boksi la viatu halikuwa juu ya kabati.

"Umelala vizuri?"

"Kama mtoto mchanga."

"Naona." Akaandaa meza. Hakumuuliza neno, na yeye hakusema neno. Ilikuwa siri ambayo kila mmoja alijua kwamba mwenzake anaijua, na kwa kuwa haikuwa imesemwa, hapakuwa na kanuni ya kuizuia.

Majira yote ya joto yakaenda hivyo. Geum-rye alianza kuhesabu kwa sauti kubwa ili hesabu ivuke maji. Mazoezi yote akayaanzia kushoto. Zoezi la bega, ambalo madaktari wa viungo walikuwa wakimfanyisha Jong-tae zamani familia ilipoweza kumudu gharama, alilirudia mara nne, polepole, akiwaambia wanafunzi kwamba bega ndilo mlango wa afya. Jong-tae akanyoa ndevu. Akaanza kumaliza wali wake.

"Leo mmefanya nini?" aliuliza mezani.

"Kiuno."

"Kiuno ni kigumu," alisema, akijaribu kuokota kwa vijiti vya kulia chakula kipande cha figili kilichomtoroka kila mara. "Nasikia watu wanasema."

Geum-rye aliinamisha uso kwenye bakuli asicheke.

*

Malalamiko yalikuja Septemba. Afisa Ki hakupiga simu, alikuja mwenyewe, akanunua kahawa mbili kwenye mashine, wakakaa kwenye lile benchi la nyuma.

"Mwalimu, nakwambia kama mama yangu. Watu wamejaza fomu za maoni. Wanasema darasa limekuwa la wagonjwa. Polepole mno. Na wanasema unapiga kelele, maghorofa yanasikia."

"Ni Mama Taeho."

"Fomu hazina majina." Kijana alizungusha kikombe. "Oktoba watakuja watathmini wawili. Chini ya alama sabini, mkataba wa mwakani hakuna. Kuna walimu vijana kumi na mmoja kwenye orodha ya kusubiri. Mimi nakutaka wewe. Lakini mimi si mtathmini."

"Wanatazama nini?"

"Mpangilio. Kasi. Usalama. Uchangamfu, alama kumi."

"Uchangamfu?"

"Tabasamu, Mwalimu. Tabasamu lina alama kumi."

Tangu siku hiyo Geum-rye aliongeza kasi. Alitoa nyimbo za zamani akaweka za dansi, akapunguza sauti, zoezi la bega akalifanya mara moja na kupita. Mama Taeho alimshika mkono baada ya darasa, akamwambia sasa amekuwa mwalimu kwelikweli. Jong-tae hakuambiwa kitu. Angeambiwaje, wakati rasmi alikuwa amelala nyumbani? Kule ng'ambo alionekana akijaribu kuwafuata. Akichelewa hatua mbili, anaruka moja, anawapata. Jioni alikuwa na usingizi mzito kuliko zamani, na mara mbili Geum-rye alimwona akijishika paji la uso.

"Kichwa?"

"Hali ya hewa tu."

"Pumzika siku mbili tatu."

"Nipumzike na nini?" Jong-tae alisema. "Mimi si nalala tu?"

Alikuwa amempa mlango, na Geum-rye alijua kwamba amempa. Angesema pale pale: nakuona kila asubuhi, Baba Sora, kaa chini mpaka Oktoba ipite. Alivuta pumzi kusema. Lakini tathmini ilikuwa Alhamisi, na leo ilikuwa Jumanne, na aliona aibu kumwambia mumewe asije kwa sababu ya alama. Akasema atamkaangia samaki.

*

Alhamisi kulikuwa na baridi ya kwanza, mvuke ukipanda kutoka kijitoni. Afisa Ki aliweka viti viwili mbele. Mtathmini mmoja alikuwa mwanamume mnene aliyetingisha mguu kwa kufuata muziki, mwingine mwanamke wa miwani ambaye hakutingisha kitu. Darasa lilianza saa moja kamili. Nyimbo tisa.

Zilikwenda vizuri. Geum-rye alihisi mwili wake mwepesi kama wa msichana. Wanafunzi arobaini waligeuka pamoja, wakapiga makofi pamoja, hata Mama Taeho alikuwa akitabasamu kwa bidii, na mwanamke wa miwani akaandika.

Mwanzoni mwa wimbo wa saba aliinua macho, akamwona Jong-tae ameshika tawi. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshuka. Halafu akakaa. Hakuanguka, alikaa, taratibu, kama mtu anayeketi kusubiri basi.

Amechoka, Geum-rye alijiambia. Baridi leo. Amefanya vizuri kukaa.

"Tatu, nne! Kulia! Tano, sita!"

Alipogeuka tena, Jong-tae alikuwa amelala ubavu juu ya majani.

Jua limefika pale, alijiambia. Anaota jua. Anaota jua, majani yale yamekauka, mara ngapi amelala vile. Hakuwahi kumwona amelala vile. Akili ilimletea sababu moja, akaichukua, ikamletea nyingine, akaichukua hiyo pia. Mwanamke wa miwani aliinua kichwa, akamtazama usoni, kalamu ikisubiri.

Geum-rye akatabasamu.

Alitabasamu wimbo wa saba wote, na wa nane, na wa tisa, ule wa kupumua, ambao unataka utulivu. Aliwaambia wanafunzi wavute pumzi mpaka tumboni. Waiachie polepole. Tena. Kisha wakainamiana, watathmini wakapiga makofi, yule mwanamume akasema "Safi sana, Mwalimu," na Geum-rye akampita bila kumjibu, akaanza kukimbia.

Aliruka mawe ya kuvukia, mguu mmoja ukaingia majini mpaka gotini, hakusikia. Jong-tae alikuwa macho. Jicho moja lilikuwa wazi na lingine nusu, na mdomo ulikuwa umevutwa upande kama na kamba. Shavu lilikuwa na alama za majani.

"Baba Sora. Baba Sora, mimi hapa. Nimekuja."

Afisa Ki alikuwa amemfuata, ndiye aliyepiga simu. Watu wa gari la wagonjwa walifika upesi. Mmoja alipiga magoti, akaangaza tochi machoni mwa Jong-tae, akauliza bila kugeuka:

"Ameanguka saa ngapi? Kuna aliyeona?"

Darasa zima lilikuwa limesimama ng'ambo ya pili, fulana na kofia za rangi.

"Saa moja na dakika thelathini na moja," Geum-rye alisema.

"Una hakika, mama? Ni muhimu."

"Wimbo wa saba ulikuwa umeanza."

Yule mtu akaandika. Afisa Ki akatazama saa yake. Ilikuwa saa moja na dakika hamsini na mbili, na simu alikuwa ameipiga saa moja na dakika arobaini na nne. Kisha akamtazama Geum-rye, na uso wake wa kitoto ukabadilika, akageuka upande. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri. Hakulisema jambo lile siku ile wala baadaye.

*

Sora alifika jioni, bado amevaa sare ya dukani yenye jina lake kifuani. Alimkumbatia mama yake katika ukumbi wa hospitali, wakalia, wakakaa kwenye viti vya plastiki.

"Nani alimwona kwanza?"

"Mimi."

"Mungu mkubwa. Ingekuwa ulikuwa nyumbani je? Ingekuwa hakuna mtu?" Sora alimpapasa mgongo. "Bahati ulikuwa karibu, Mama."

Geum-rye aliitazama sakafu. Mbele yao, ukutani, kulikuwa na bango lenye picha ya ubongo na maandishi mekundu: KILA DAKIKA NI UHAI. Akainuka, akamfuata daktari wa zamu mpaka mlango wa lifti.

"Daktari. Dakika kumi na tatu zingebadilisha kitu?"

Daktari alikuwa kijana na hakuwa amelala. "Damu ilimwagika nyingi ubongoni, mama. Dakika kumi na tatu..." Akainua mabega. "Pengine hapana."

"Pengine."

"Hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia, mama. Pole sana."

Siku ya tatu alikuja Mama Taeho na boksi la peasi, zile kubwa za zawadi, kila moja imevishwa wavu. Aliinama mpaka kofia ikamdondoka. Alilia machozi ya kweli.

"Mwalimu, sisi hatukujua. Miezi yote ile, kumbe mzee yuko pale ng'ambo! Upendo gani huo! Tungejua tungemwachia nafasi nyuma, nani angekataa?"

"Alikuwa na nafasi nyuma," Geum-rye alisema.

Mama Taeho akaendelea kulia, hakusikia, au alisikia. Mgeni alipoondoka, Sora alisema yule mama ana roho nzuri. Geum-rye akamenya peasi moja, akaikata vipande, akampa mwanawe. Yeye hakuonja.

Jumatatu iliyofuata alirudi bustanini. Hospitali ilitaka malipo na hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Alisimama mahali pake akawaelekea wanafunzi wake arobaini, na kwa kipindi kizima akatazama vichwa vyao, si juu ya vichwa vyao.

*

Desemba Jong-tae alihamishiwa wodi ya wagonjwa wa muda mrefu, vitanda sita, dirisha moja, nje theluji nyepesi isiyoshika. Upande wote wa kulia ulikuwa umekufa. Maneno yalikuwa yamemtoka yote, mitaa aliyopita na basi, majina ya misuli, jina la mwanawe. Lilibaki moja tu. Neno hilo lilikuwa "haya." Muuguzi akimwambia anamdunga sindano, alisema haya. Mfagizi akimwomba radhi kwa kusogeza kitanda, alisema haya. Sora alipomuaga kurudi Busan akilia, alisema haya, haya, mpaka binti akatoka mbio.

Geum-rye alikwenda kila alasiri baada ya darasa. Siku hiyo alikuwa na bahasha kwenye mkoba. Alimwinua kwa mito miwili, akamfunga kitambaa shingoni, akafungua chupa ya uji wa malenge.

"Matokeo yametoka," alimwambia, akipuliza kijiko. "Tisini na moja."

"Haya."

"Uchangamfu nimepata kumi juu ya kumi."

"Haya."

"Wananitaka mwaka mwingine mzima. Darasa la pili pia, la jioni, kule bustani ya stesheni. Afisa Ki kasema nitie saini kabla ya Ijumaa. Nitie?"

"Haya," Jong-tae alisema, uji ukimtoka pembeni mwa mdomo. Akamfuta.

Mzee wa kitanda cha jirani alikuwa akikoroma. Muuguzi alikuwa ametoka. Geum-rye alichota kijiko kingine, akakishika hewani, hakukipeleka.

"Baba Sora. Siku ile nilikuona."

Jong-tae akamtazama.

"Nilikuona ukikaa. Nikakuona umelala. Nilijua hulali. Wale watu walikuwa wananitazama na kalamu, nikaendelea kuhesabu. Nyimbo mbili na nusu nilihesabu, nacheka meno nje." Sauti yake haikupanda. Aliyasema kama anavyosoma mtu orodha ya vitu vya sokoni. "Ndiyo hivyo. Hakuna anayejua ila mimi, na yule kijana. Sasa na wewe."

Jicho lile zima lilikaa juu yake muda mrefu. Lilikuwa jicho la dereva, lililozoea kutazama mbali.

"Haya," alisema.

Geum-rye alisubiri. Aliinama akaisogelea sura yake, akaitafuta ile sauti, aone kama ilikuwa tofauti walau kidogo na ile ya sindano, na ile ya ufagio.

"Haya gani, Baba Sora?" alimuuliza. "Haya gani?"

Jong-tae akafungua kinywa, akingojea uji.